Kuvu Hii Inakula Nini? Mwongozo wa Kuanza Kazi na Uyoga, Kutoka Kwenye Gogo Hadi Sufuriani

Kuanza kufanya kazi na kuvu hakuhitaji maabara. Kunahitaji daftari, karatasi nyeupe na nyeusi, kisu kikali, sufuria ya presha, na subira. Hamira inayoumua unga, ukungu wa kwenye ndimu, choa kwenye ngozi na uyoga ulioota kwenye gogo vyote ni ukoo mmoja, na ukoo huo una tabia moja: hauli kwa mdomo. Kuvu humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, chakula kikameng'enyeka palepale kilipo, kisha ikafyonza kilicholainika. Huishi ndani ya chakula chake kama mtu aliyejenga nyumba ndani ya mkate.

Kwa hiyo kila anayefanya kazi hii, awe mwanasayansi, daktari, mtu wa misitu au mpishi, huanza na swali hilohilo: hii inakula nini? Mwongozo huu unalifuata swali hilo kwa uyoga mmoja, mamama, yaani jamii ya Pleurotus, kutoka unapouona porini hadi unapouweka sahanini. Nimeuchagua kwa kuwa humvumilia anayeanza, na hula karibu kila kitu kilichowahi kuwa mmea.

Hatua ya 1: Soma mahali kabla ya kuchuma

Unachokiona juu ya gogo ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni utando wa nyuzi nyembamba uliojificha ndani ya mti au udongo, na unaweza kuwa mkubwa kupita makisio. Katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon, Marekani, utando mmoja wa Armillaria ostoyae umeenea kwenye eneo la hekta 965 hivi. Anayepita juu yake haoni kitu isipokuwa miti inayokufa.

Kabla ya kugusa kisu, andika haya: tarehe, umeota juu ya nini (mti uliokufa, mti hai, udongo, samadi, kichuguu), umeota peke yake au kwa mafungu, na miti iliyo karibu ni ya aina gani. Piga picha ya juu, ya chini na ya ubavuni. Harufu nayo iandikwe, maana baada ya saa moja utakuwa umeisahau.

Kama ni mti uliooza, vunja kipande. Mbao iliyobaki nyeupe, laini na yenye nyuzinyuzi imeliwa na kuvu inayoweza kuvunja lignini, ile gundi ngumu inayoupa mti uimara. Mbao iliyogeuka kahawia na kupasuka vipande vya mraba kama mkaa imenyang'anywa selulosi, yaani nyuzi zinazoujenga mti, lignini ikaachwa. Mamama ni wa kundi la kwanza. Jambo hili litakuokoa hatua ya 5: kinachokula mti uliokufa kinaweza kulishwa mabua, maranda au karatasi.

Uyoga mwingine hauoti hivyo. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank alilipa jina la mikoriza lile fundo ambamo kuvu na mizizi hulishana: kuvu huleta maji na madini, mti hulipa kwa sukari. Zaidi ya asilimia 80 ya aina za mimea ya nchi kavu ina ushirika wa namna hii. Uyoga wa kundi hilo hautakubali mfuko wa mabua hata ukiubembeleza, kwa kuwa chakula chake kinatoka kwenye mti hai. Na uyoga wa vichuguu, Termitomyces, una mkulima wake tayari: mchwa humtafunia majani na mbao, humjengea bustani chini ya ardhi, na yeye huwameng'enyea. Nimeona watu wakipoteza miezi wakijaribu kuuotesha kwenye ndoo. Uchume na uache kichuguu kizima.

Ukichuma, ng'oa na kitako chake kwa ncha ya kisu, hasa unapotaka kuutambua. Mfuko mdogo uliobaki chini ya udongo ndio dalili kuu ya baadhi ya uyoga unaoua, na anayekata juu juu huiacha dalili hiyo shimoni.

Hatua ya 2: Piga chapa ya spora

Hii ndiyo kazi ya kisayansi ya bei rahisi kuliko zote. Kata mguu wa uyoga karibu na kofia. Laza kofia, sehemu yenye kurasa (ile mikunjo myembamba iliyo chini ya kofia) ikitazama chini, juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu nyeusi. Funika kwa bakuli ili upepo usipeperushe, uache usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi laini limechora mchoro wa kurasa zote, mstari kwa mstari. Vumbi hilo ndilo spora, chembe ambazo kuvu huzaliana kwazo.

Rangi ya vumbi hilo ni ushahidi wenye uzito kuliko rangi ya kofia, kwa kuwa kofia hubadilika kwa jua, mvua na umri. Mamama hutoa nyeupe inayoelekea zambarau hafifu au kijivu. Uyoga wa kizungu wa madukani, Agaricus, hutoa kahawia iliyokolea kama chokoleti. Chlorophyllum molybdites, unaofanana na uyoga mzuri wa kuliwa na kuwatapisha watu wengi kila mwaka, hutoa kijani. Amanita hutoa nyeupe, kwa hiyo nyeupe peke yake si cheti cha usalama. Chapa hukutolea nje wasiohusika, basi. Haikuambii "kula".

Spora hizi ndizo zilizomshughulisha Beatrix Potter kabla hajajulikana kwa hadithi zake za sungura. Aliziotesha, akazichora, na mwaka 1897 makala yake kuhusu jinsi zinavyoota ilipelekwa Linnean Society, jumuiya ya wanasayansi wa viumbe ya London. Hakuweza kuiwasilisha mwenyewe kwa kuwa wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano ya jumuiya hiyo. Nalitaja kwa sababu ni ukumbusho mzuri kwa anayedhani lazima kwanza awe na cheo ndipo afungue daftari.

Ukitaka kuuhifadhi uyoga kama kielelezo, ukaushe kwenye joto la nyuzi 40 hadi 50 mpaka uvunjike kwa kishindo, uutie kwenye bahasha ya karatasi pamoja na chapa na maelezo ya hatua ya 1. Plastiki hapana, unyevu utarudi. Kielelezo kilichokaushwa vizuri kinaweza kutolewa DNA miaka mingi baadaye, na kazi ipo: aina za kuvu zilizokwisha kupewa majina ni kama 150,000, ilhali makadirio ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2017 yanasema zipo kati ya milioni 2.2 na 3.8. Uwezekano wa kukanyaga kitu kisicho na jina ni mkubwa kuliko unavyodhani.

Hatua ya 3: Jiulize kama utakula, kisha ujizuie

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu hufa.

Amanita phalloides ndio unaosababisha sehemu kubwa ya vifo vya uyoga duniani. Ladha yake, kwa maelezo ya walionusurika, ni nzuri. Sumu yake, amatoksini, haiharibiwi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha. Inazuia seli kusoma maagizo ya kutengeneza protini, na ini ndilo linaloumia mbele ya vingine. Uyoga mmoja unatosha kumuua mtu mzima.

Kinachoitofautisha sumu hii ni ratiba yake. Mtu anakula, analala salama. Baada ya saa 6 hadi 24 anaanza kutapika na kuhara vibaya. Kisha, siku ya pili, anapata nafuu, anaamka, anaomba chai. Watu wa nyumbani wanashukuru na kumrudisha kutoka hospitali, huku ini linaendelea kufa. Daktari anayejua kuvu huuliza "alikula saa ngapi, na alianza kuumwa saa ngapi?" kabla ya kuuliza jina la uyoga. Tumbo lililovurugika ndani ya saa moja au mbili kwa kawaida ni sumu ndogo zaidi. Lililochelewa zaidi ya saa 6 ni la dharura.

Ikitokea umekula au mtoto ameokota na kumeza, usisubiri dalili. Nenda hospitali na mabaki ya uyoga, hata maganda yaliyotupwa jalalani, hata matapishi kwenye mfuko, na uandike saa mlo ulipoliwa. Walioshiriki sahani moja waende wote, hata anayejisikia mzima.

Majaribio ya mitaani yote yatupwe. Kijiko cha fedha hakibadiliki rangi kwa amatoksini. Konokono hula uyoga unaomuua mtu wala wasidhurike. Ganda la kofia kumenyeka kirahisi halina maana yoyote, na wali mweupe uliopikwa pamoja na uyoga hausemi kitu.

Mamama nao wana wanaofanana nao. Omphalotus huota kwa mafungu kwenye visiki kama wao, hutapisha vikali, na wengine wa jamii hiyo hutoa mwanga hafifu gizani. Pleurocybella porrigens, mweupe kama malaika, uliliwa Japani kwa miaka mingi bila hofu, mpaka mwaka 2004 ulipohusishwa na vifo vya watu waliopata madhara ya ubongo, wengi wao wakiwa tayari na maradhi ya figo. Kwa hiyo hata neno "unalika" lina mtu wake: unalika na nani, mwenye figo gani? Kuna pia Coprinopsis atramentaria, ambao ni salama mpaka mlaji anywe pombe. Hapo uso huwaka, moyo hukimbia, na pombe ya kesho yake nayo inaweza kuleta mambo yaleyale.

Kanuni yangu ni hii: uyoga wa porini ninaupiga chapa, ninaukausha, ninauotesha nikitaka, lakini siuli mpaka mtu aliyewahi kuula na kuusoma mahali hapohapo auone kwa macho yake. Picha ya simu haitoshi. Programu za simu za kutambua uyoga zinakosea kwa ujasiri uleule zinaopatia.

Hatua ya 4: Toa nyama safi, uipeleke kwenye kisahani

Sasa tunaazima mikono ya watu wa maabara. Lengo ni kuchukua kipande cha uyoga wako (au wa dukani, kama hatua ya 3 imekutia hofu, na ndivyo ninavyokushauri kwa mara ya kwanza) na kukifanya kiwe utando tena.

Chakula cha kisahani kinatengenezwa hivi: chemsha gramu 200 za viazi vilivyokatwa katika lita moja ya maji mpaka vilainike, chuja, utumie maji. Ongeza gramu 20 za glukosi na gramu 20 za agari, unga wa mwani unaogandisha maji, rudisha maji yafike lita moja. Mimina kwenye chupa zinazostahimili joto, legeza vifuniko, uzipike kwenye sufuria ya presha kwa dakika 20 tangu ilipofikia nyuzi 121. Hapo hakuna kiumbe kilichobaki hai humo. Acha ipoe mpaka uweze kuishika chupa bila kuungua sana, ndipo umimine kwenye visahani vilivyosafishwa hivyohivyo. Ukingoja mno, agari itaganda chupani.

Adui yako ni hewa. Kila sentimeta ya chumba ina spora za ukungu zinazoelea zikitafuta chakula, na wewe umewaandalia karamu. Tumia sanduku kubwa la plastiki linaloonyesha ndani, lililokatwa matundu mawili ya kuingiza mikono. Ndani yake hewa ikitulia, vumbi hutua chini. Zima feni, funga dirisha. Pangusa kila kitu kwa spiriti ya asilimia 70, ngoja ikauke kabisa, ndipo uwashe moto wowote. Mvuke wa spiriti ndani ya sanduku hulipuka. Watu wameungua hivi.

Pasua uyoga kwa vidole, usiukate. Uso uliopasuka ndani haujawahi kukutana na hewa. Choma ncha ya kisu mpaka iwe nyekundu, ipooze kwenye agari, chomoa kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kutoka katikati ya nyama, pale mguu unapokutana na kofia, ukiweke kwenye kisahani. Funga, ziba ukingo kwa utepe, andika tarehe. Baada ya siku mbili tatu kipande kitaota manyoya meupe, na ndani ya wiki moja hadi mbili utando utakuwa umefika ukingoni.

Fanya visahani sita, si kimoja. Vitatu vitaharibika.

Kilichoharibika kitazame kupitia kifuniko, usikifungue. Kijani, nyeusi au njano ya ungaunga ni ukungu. Utelezi unaong'aa ni bakteria. Mahali pengine utaona ukungu umezungukwa na pete tupu ambamo bakteria hawakuthubutu kuota. Pete kama hiyo ndiyo Alexander Fleming aliyoikuta mwaka 1928 katika hospitali ya St Mary's, London, aliporudi kutoka likizo: Penicillium ulikuwa umevamia kisahani chake cha bakteria. Wengi wangekitupa. Kuvu na bakteria hugombania chakula kilekile, na penisilini ni silaha ya ugomvi huo tu, haikutengenezwa kwa ajili yetu.

Ila kuiona pete si kupata dawa. Kundi la Oxford la Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley lilihangaika kuitoa kwa wingi, wakiotesha ukungu hata kwenye vyombo vya kujisaidia wagonjwa. Mgonjwa wao wa kwanza, askari polisi, alianza kupona mwaka 1941, dawa ikaisha, wakaikamua ile iliyotoka kwenye mkojo wake wamrudishie, bado haikutosha, akafariki. Mbegu ya ukungu iliyozaa sana ilitoka kwenye tikiti lililooza huko Peoria, Marekani, mwaka 1943. Simulizi hii nawapa wanaoniuliza kama kulamba ukungu wa mkate kunatibu. Hakutibu. Ukungu wa mkate unaweza kuwa wa aina zinazotengeneza sumu, na aflatoksini ya Aspergillus flavus, iliyogunduliwa baada ya zaidi ya batamzinga 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, huharibu ini na haiondoki kwa kupika.

Mwenye kinga dhaifu, pumu kali au aliyepandikizwa kiungo asifanye hatua hii wala asikae chumba kimoja na visahani vilivyoharibika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele kwa hatari yake kwa binadamu. Dawa zake ni chache kwa sababu ya ujirani: kwa nasaba, kuvu ziko karibu na wanyama kuliko mimea, seli zao zinafanana na zetu kwa mengi, na kinachoziua hutuumiza na sisi. Cha ajabu, dawa iliyofanya upandikizaji wa viungo uwezekane kwa mapana, siklosporini, nayo ilitoka kwenye kuvu, Tolypocladium inflatum. Hivyohivyo statini za kwanza za kushusha lehemu: Mjapani Akira Endo alizitoa kwenye Penicillium citrinum katika miaka ya 1970.

Kisahani kilichoharibika kipike tena kwenye sufuria ya presha kikiwa kimefungwa kwenye mfuko, ndipo ukitupe.

Hatua ya 5: Mlishe

Kutoka kisahani utando huhamia kwenye nafaka. Ngano au mtama uliochemshwa ukaiva kwa ndani lakini haukupasuka, ukakaushwa juu, ukatiwa kwenye chupa na kupikwa kwa presha saa moja na nusu. Tia vipande vya agari yenye utando, tikisa baada ya wiki. Hii ndiyo wakulima wanaiita mbegu ya uyoga. Ukiona hatua ya 4 ni mlima, nunua mbegu tayari uanzie hapa, hakuna aibu.

Katakata mabua ya ngano au majani makavu ya mpunga vipande vya sentimeta 5 hadi 10. Yazamishe kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 80 kwa saa moja hadi moja na nusu. Usiyachemshe yakatokota kwa muda mrefu ukidhani unafanya vizuri zaidi. Joto la wastani huua washindani wengi na kubakiza bakteria wavumilivu wanaoshika nafasi bila kumdhuru mamama. Ukiua kila kitu, wa kwanza kuingia ndiye mwenye nyumba, na wa kwanza mara nyingi ni Trichoderma, ukungu wa kijani.

Chuja. Kamua konzi moja: yakitoka matone machache, sawa, yakitiririka, subiri. Mwaka wangu wa kwanza sikusubiri, tena nilijaza mifuko mabua yakiwa bado vuguvugu kwa haraka ya kwenda safarini. Niliporudi mifuko yote kumi na minne ilikuwa kijani kama kitambaa cha meza ya biliadi. Mbegu hufa kwenye joto, na maji yaliyotuama huwaita bakteria.

Yakishapoa kabisa, changanya na mbegu, asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mabua yaliyolowa. Shindilia kwenye mfuko wa plastiki, funga, toboa matundu kila baada ya sentimeta 10 au 15. Weka mahali pa giza na joto la wastani, nyuzi 24 hivi, kwa wiki mbili hadi tatu, mpaka mfuko wote uwe mweupe na mgumu kama tofali.

Kisha geuza hali ya hewa. Utando uliomaliza chakula na kukutana na hewa mpya huona ni wakati wa kuzaa. Hamishia mifuko mahali penye mwanga wa kutosha kusoma gazeti, nyunyiza maji hewani na ukutani mara kadhaa kwa siku ili unyevu ufike asilimia 80 hadi 90, na ruhusu hewa iingie. Jotoridi hutegemea aina: Pleurotus ostreatus hupenda ubaridi, Pleurotus pulmonarius na Pleurotus djamor wa waridi huvumilia joto. Soma uyoga wenyewe. Ukiona miguu mirefu na kofia ndogo kama pini, hewa chafu imejaa, fungua. Kingo za kofia zikikauka na kupasuka, maji hayatoshi. Vichwa vidogo vikigeuka njano na kukoma kukua, umenyunyizia juu yake mno.

Tangu vichwa vitokeze hadi mavuno ni siku 4 hadi 7. Vuna wakati kingo za kofia bado zimejikunja kidogo kuelekea chini. Zikinyooka, spora zinaanza kumwagika, na mamama humwaga nyingi mno. Wafanyakazi wa mashamba ya uyoga hupata ugonjwa wa mapafu kutokana na vumbi hilo, kwa hiyo kwenye chumba chenye mifuko mingi vaa barakoa hata kama hujakohoa. Kilo moja ya mabua makavu ikitunzwa vizuri inaweza kutoa mpaka kilo moja ya uyoga mbichi, katika mavuno mawili au matatu yaliyopishana wiki moja hadi mbili. Mabua yana nitrojeni kidogo, na mamama porini hujiongezea kwa kuwanasa minyoo midogo ya kwenye mbao, kuwapoozesha na kuwala. Wasiokula nyama wanaweza kulifikiria hilo wakipenda.

Hatua ya 6: Jikoni

Mpishi naye anauliza swali letu, kwa upande wa pili: sisi tunakulaje hii? Ukuta wa seli za uyoga umejengwa kwa kitini, kitu kilekile cha gamba la kamba na mende. Tumbo letu halikivunji vizuri, ndiyo maana uyoga mbichi humlemea mtu. Mamama usiule mbichi. Shiitake, uyoga maarufu wa Japani, ukiliwa mbichi au umepikwa nusu huwatoa baadhi ya watu michirizi myekundu mgongoni kama waliochapwa fimbo.

Habari njema ni kwamba kitini hakisalimu amri kwa moto. Nyama ikizidi dakika chache inakakamaa, mboga inalegea. Uyoga utausahau jikoni na bado utautafuna vizuri. Basi acha hofu. Tia uyoga kwenye kikaango kipana na maji kidogo, bila mafuta, moto mkali. Utatoa maji mengi, kwani karibu asilimia 90 yake ni maji. Acha yakauke kabisa, ndipo utie mafuta na chumvi, ukaange mpaka kingo ziwe kahawia. Ukianza na mafuta, hunyonya yote kama sifongo halafu hutoa maji juu yake, ukapata kitu cha kijivu chenye utelezi.

Kwa mchuzi, kausha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Akira Kuninaka alionyesha kwamba ladha nzito ya shiitake inatokana na kemikali iitwayo guanilati, na kwamba ikikutana na nyingine, glutamati, iliyomo kwenye nyanya au mwani, ladha hupanda kuliko jumla ya hizo mbili. Loweka uyoga mkavu kwenye maji baridi kwa saa kadhaa, kisha pasha polepole. Maji ya kulowekea usiyamwage.

Kabla ya kukausha, uanike saa moja juani, kurasa zikitazama juu. Mwanga wa jua hugeuza ergosteroli iliyomo kuwa vitamini D2, hata kama uyoga umekwisha kuchumwa.

Anayeula kwa mara ya kwanza, hata uliootesha mwenyewe, aanze na kiasi kidogo na asubiri mpaka kesho. Mbichi uliobaki utie kwenye mfuko wa karatasi ndani ya friji.

Hatua ya 7: Mfuko uliochoka

Baada ya mavuno ya tatu mfuko huwa mwepesi na laini. Chana plastiki, zika mabua kwenye lundo la mboji au yatandaze chini ya miche. Yaliyobaki yamekwisha kulainika, na minyoo ya ardhi huyapenda. Mfuko ulioingia ukungu wa kijani peleka mbali na chumba cha kuoteshea, na usiupasulie ndani.

Mvua ikinyesha, lundo linaweza kutoa uyoga tena, wakati mwingine mafungu makubwa kuliko ya chumbani. Chukua karatasi nyeupe na nyeusi, upige chapa kwanza. Lundo liko nje, chakula kiko wazi, na aliyeota safari hii si lazima awe yuleyule uliyempanda.